Punje moja, kilo 12

Bambo linachomekwa ubavuni mwa gunia, linazungushwa kidogo, na punje zisizojaza kiganja zinateremka kwenye mfereji wake. Mkaguzi anazikinga kwa ndoo, anahamia gunia la pili. Lori limebeba tani 30 za mahindi, yaani magunia 300 ya kilo mia mia. Ya juu na ya pembeni yanafikika. Ya katikati hayafikiki mpaka mzigo ushushwe, na kushusha ni pesa ya makuli na siku nzima kupotea, kwa hiyo mara nyingi ya katikati yanasamehewa.

Kilichomo ndooni ndicho kitakachosema kama lori linavuka au linageuza.

Wengi mnakumbuka Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye punje, malori yakajipanga mpakani Namanga, na tarehe 10 zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, ghala lake lijulikane, na shehena iwe na cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini, ndiyo sumukuvu hiyo, haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Watu walibishana sana kuhusu ujirani na biashara, kisha mjadala ukapoa.

Mimi nimebaki na ile 10. Kwa wiki kadhaa sasa haijaniacha.

## Kumi kwa nani?

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na zisizidi 5 za aina ya B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Marekani inaruhusu 20 kwenye chakula cha binadamu. Ulaya inataka 4 kwenye bidhaa nyingi za nafaka zilizo tayari kuliwa. Ukizitazama namba hizi zilivyo, unaona tumekaa katikati, si walegevu wala si wakali.

Sasa zipeleke mezani.

Mtu mzima aliyekulia ugali mchana na usiku hula gramu 400 za unga kwa siku bila kujishangaa. Kama mahindi yake yamefaulu kwa kugusa mstari, anameza mikrogramu 4 kila siku ya Mungu. Mkazi wa Ulaya anayekula gramu 20 za kitu cha mahindi chenye mikrogramu 4 kwa kilo anameza 0.08. Tofauti ni mara 50, na wote wawili wamekula chakula halali.

Nilipofika hapo jibu lilionekana rahisi: tushushe kikomo. Kisha mashaka yakaingia. Ukishusha mpaka 4 katika mwaka wa ukame, unakataa mahindi mengi zaidi katika mwaka ule ule ambao mahindi hayatoshi, na njaa nayo hudumaza mtoto. Halafu kuna jambo ambalo wanaoitaja Ulaya hulisahau: mahindi ghafi yanayosubiri kuchambuliwa kabla ya kuwa chakula, hata huko yanaruhusiwa 10. Ukali wao uko kwenye kinachotoka upande wa pili wa uchambuaji.

Kwetu mahindi ya 10 yanakwenda moja kwa moja kinuni. Tunachokosa ni hatua ya katikati: kuchagua punje mbovu kabla ya kusaga.

## Hesabu ya punje

Punje ya mahindi ina uzito wa takribani gramu 0.3. Kilo moja ni punje zaidi ya 3,000, na lori la tani 30 ni kama punje milioni 100. Kuvu haiwi kwenye zote. Inaweza kushika punje moja kati ya maelfu, na ikishika inashika kwelikweli. Maabara zimewahi kukuta punje yenye aflatoksini zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo.

Fanya hesabu. Punje moja ya namna hiyo imebeba mikrogramu 120. Isage pamoja na kilo 12 za mahindi yasiyo na doa lolote, na kilo zote 12 zinagusa kikomo.

Punje moja.

Kwa hiyo sampuli ya kilo moja ikiikosa punje hiyo, cheti kinatoka safi. Ikiinasa, shehena nzima inaandikiwa 120 na kurudishwa. Majibu yote mawili yamepimwa kwa uaminifu, na yote mawili yanaweza kuwa ya lori lile lile, siku ile ile. Ndiyo maana mfanyabiashara anayerudi na karatasi mbili zinazopingana hadanganyi, wala maabara hazijahongwa. Tafiti zilizochambua makosa haya ya upimaji zinaelekeza kidole mahali pamoja: kwa sampuli ndogo, mashine ya maabara ndiyo yenye kosa dogo kuliko yote. Kosa kubwa liko kwenye bambo.

Utaratibu wa Ulaya kwa shehena kubwa ni kuchukua vifungu vidogo 100 kutoka sehemu tofauti, vinavyofanya jumla ya kilo 10. Hizo kilo 10 zinasagwa zote, laini, mpaka unga upite kwenye chekecheo dogo, ndipo unachanganywa na kupunguzwa. Kwa vipimo vingi vya haraka kinachopimwa mwishoni ni gramu 20 tu za unga, zinazotikiswa ndani ya mililita 100 za methanoli ya asilimia 70. Njiani mambo huharibika kwa namna zinazojulikana. Mtu anachota konzi ya punje nzima kutoka ndooni na kusaga hiyo peke yake. Unga unabaki chenga, kwa hiyo sumu haitoki yote. Mashine haisafishwi, na mabaki ya sampuli chafu iliyotangulia yanamponza anayefuata.

Pahali pazuri pa kuchukua sampuli ni ghalani, mahindi yakiwa yanamiminika kuingia kwenye magunia. Kila baada ya muda unakinga kidogo, na kila sehemu ya mzigo inapata nafasi ya kupita mkononi mwako. Mpakani, juu ya lori lililokwisha kufungwa turubai, ndipo pahali pabaya kuliko pote. Na ndipo tulipoweka uzito wa sheria. Nikisema kwa ukali kidogo: serikali zinapenda kununua mashine ya maabara kwa sababu mashine huzinduliwa kwa kukata utepe, na hakuna waziri aliyewahi kuzindua bambo.

## Kilo tano za maji

Kikomo cha unyevu kwenye viwango hivyo hivyo ni asilimia 13.5. Chini ya hapo kuvu haina nguvu ya kukua. Sumu iliyokwisha kutengenezwa haiondoki, lakini mpya haizaliwi.

Mkulima amevuna, amepukuchua, na gunia lake la kilo 100 lina unyevu wa asilimia 18. Maana yake kilo 82 ni mahindi makavu na 18 ni maji. Akilianika mpaka 13.5, uzito unabaki kilo 94.8. Amepoteza kilo tano na ushee, ametumia siku kadhaa za jua, turubai na mtu wa kufukuza kuku. Dalali anakuja na mizani. Bei kwa kilo ni ile ile.

Aliyemuuzia maji amepata zaidi ya aliyemuuzia mahindi.

Nimesoma mapendekezo mengi ya "kutoa elimu kwa mkulima." Elimu hii anayo. Anajua mahindi mabichi yanaoza. Anajua pia kwamba bohari za taifa, NFRA kwa Tanzania na NCPB kwa Kenya, zinapima unyevu, lakini zinanunua sehemu ndogo tu ya mavuno na mara nyingi zinachelewa kufungua vituo. Dalali anafika mapema, na pesa taslimu. Kabla mtu wa afya hajasema lolote, soko limekwisha kumfundisha mkulima asianike.

Kwa anayehifadhi chakula chake mwenyewe mambo ni tofauti, na hapo maelezo yana faida. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, maana kuvu hii makazi yake ni udongo. Tabaka lisizidi upana wa vidole vitatu, geuza kila saa, funika jioni kabla umande haujashuka. Usipukuchue kwa kupiga gunia na fimbo: punje iliyopasuka ni mlango ulioachwa wazi. Mashine ndogo ya mkono ni polepole ila inaacha punje nzima.

Huna kipimo cha unyevu? Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo ya nusu lita au zaidi, iliyo safi na kavu kabisa, jaza mahindi mpaka theluthi. Ongeza vijiko viwili vya chumvi ya unga iliyoanikwa mpaka ikawa kavu kama vumbi. Funga, tikisa dakika moja, acha ikae dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani. Isipoganda umefika chini ya 15, na siku moja zaidi ya jua kali itakusogeza kwenye 13.5. Kinachoharibu kipimo hiki ni chumvi yenyewe kuwa na unyevu. Ijaribu kwanza ndani ya chupa tupu.

Kisha mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba. Kila mfuko unafungwa peke yake, hewa ikiwa imekamuliwa na shingo kusokotwa, kukunjwa na kufungwa kamba. Wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa. Lakini mfuko huu haukaushi kitu. Ukitia mahindi ya asilimia 18 umejifungia kuvu ndani.

## Mahindi yasiyovuka mpaka

Mwaka 2004, Makueni, Kitui, Machakos na Thika: wagonjwa wa sumukuvu 317, waliokufa 125. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliokufa 20.

Chanzo kikuu cha mkasa wa Kenya kilikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyovunwa na unyevu na kuwekwa ndani ya nyumba walimolala watu. Masoko nayo hayakuwa salama. Sampuli 350 zilizochukuliwa kwa wauzaji wa wilaya hizo zilionyesha zaidi ya nusu zimepita 20, na asilimia 7 zimepita 1,000.

Elfu moja. Hapo hatubishani tena kati ya 4 na 10.

Taasisi zipo. Tanzania, tangu Julai 2019, usalama wa chakula ulitoka kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, shirika la viwango. Kenya ina KEBS, shirika lake la viwango, ambayo Novemba 2019 ilisimamisha unga wa chapa tano kwa mkupuo na magazeti yakajaa. Lakini mkono wa taasisi hizi unashika kitu chenye pakiti na nembo. Mama anayepeleka debe lake mashineni hana nembo. Hakuna mkaguzi anayemngoja, na kusema kweli nisingependa awepo, maana angemnyang'anya debe na kumwachia nini?

Kwa huyo, kinga ni kuchambua. Punje zenye rangi ya kijani, kijivu au kahawia, zilizosinyaa, zilizotobolewa na nyepesi zitolewe. Ungo unafanya kazi nusu, macho nusu nyingine. Kwa kuwa sumu imejikusanya kwenye punje chache, kuondoa konzi moja ya vibovu kunaweza kushusha kiwango cha debe zima kwa namna ambayo hakuna sheria itakayoifikia. Kupika hakusaidii. Aflatoksini inaanza kuvunjika kwenye joto linalopita nyuzi 200, na sufuria ya ugali inachezea kwenye 100.

Na nieleze la uji wa lishe, maana linaniudhi. Unga ule wa kuchanganya mahindi, mtama, soya na karanga unapigiwa debe kwa nia njema. Karanga na mahindi ndiyo mazao mawili yanayopendwa mno na kuvu hii, na tunayasaga pamoja kwa ajili ya mwili wenye kilo nane. Ulaya, kwa chakula cha watoto wachanga cha nafaka, kikomo cha B1 ni mikrogramu 0.1 kwa kilo. Karanga za uji zichaguliwe moja moja, na yenye ukungu au iliyosinyaa isitiwe hata kama ni ya mwisho.

## Sembe, dona, kisha maziwa

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi.

Ushauri wa lishe, miaka yote, ni kula dona: ganda na kiini vina vitamini na madini. Ushauri huo ni sahihi. Lakini sumukuvu nyingi nayo imekaa pale pale, kwenye ganda na kiini. Ukikoboa, kiwango kinaweza kushuka kwa karibu nusu. Kwa hiyo afisa lishe na mtaalamu wa sumukuvu, wakikaa kwenye kikao kimoja, wanampa mama yule yule maagizo yanayopingana, na kila mmoja ana sayansi mkononi.

Msimamo wangu kwa sasa: mahindi uliyoyachambua na unajua yalivyokauka, saga dona. Mahindi ya sokoni usiyoyajua, koboa, na vitamini utafute kwenye mboga na maharage.

Tatizo halijaisha, maana pumba hazitupwi. Zinakwenda kwa kuku na ng'ombe. Ng'ombe hubadilisha B1 kuwa M1, aina nyingine ya aflatoksini, na asilimia moja au mbili ya alichokula hutokea kwenye maziwa. Tuseme anakula kilo 3 za pumba zenye mikrogramu 100 kwa kilo. Hizo ni 300. Asilimia mbili ni mikrogramu 6, zinazogawanywa kwenye lita 10 za siku: 0.6 kwa lita. Kikomo cha kimataifa cha Codex ni 0.5; cha Ulaya ni 0.05. Kuchemsha maziwa hakuitoi.

Tumeitoa kwenye ugali wa baba, tumeitia kwenye chai ya mtoto.

Habari njema ni kwamba ukimbadilishia ng'ombe chakula, maziwa yanasafika ndani ya siku chache. Ila ili umbadilishie lazima ujue, na chakula cha mifugo cha kuchanganya nyumbani hakipimwi na yeyote.

## Sindano na punje za buluu

Kati ya yote yaliyofanyika dhidi ya madhara ya mahindi haya, huenda lililo kubwa halikutoka wizara ya kilimo. Aflatoksini inasababisha saratani ya ini kwa mtu yeyote, lakini kwa mwenye virusi vya homa ya ini B nguvu yake hiyo ni hadi mara 30. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga mwaka 2001, Tanzania 2002. Hakuna aliyesema ni sera ya chakula. Watoto wa miaka ile sasa ni watu wazima wanaokula mahindi yale yale wakiwa na hatari ndogo zaidi.

Upande wa shamba kuna Aflasafe. Ndani ya jamii ya kuvu hii, Aspergillus flavus, wamo wasioweza kutengeneza sumu. Wataalamu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, na washirika wao waliwachagua hao kutoka udongo wa nchi husika, wakawapaka kwenye punje za mtama zilizouawa kwa joto na kutiwa rangi ya buluu. Unamwaga kwa mkono kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajachanua, udongo ukiwa na unyevu. Wanakua, wanajaza nafasi, wenye sumu wanakosa pa kukaa. Upungufu wa asilimia 80 na zaidi ni jambo la kawaida.

Kinachoiangusha ni saa na bei. Ukimwaga mvua imekata, mtama unakaa pale mpaka sisimizi na ndege waumalize. Na mkulima akilipia, akapatia, akavuna safi, dalali hana safu ya "safi" kwenye daftari lake. Tunarudi kwenye kilo tano za maji.

## Lililokataliwa linakwenda wapi?

Swali hili halimo kwenye masharti ya Machi 2021, wala sijaliona likipewa nafasi kwenye mijadala iliyofuata. Shehena imepimwa, imezidi, imekataliwa. Mwenye mali ana mkopo. Mahindi anayo. Atayauza kwa bei ya kutupa kwa asiyeuliza karatasi, na asiyeuliza karatasi anauza kwa wasio na uwezo wa kuchagua. Kikomo kimefanya kazi yake na sumu imefika kwa maskini zaidi kuliko ambako ingefika.

Wamarekani walilipangia ngazi. Chini ya 20, binadamu na ng'ombe wa maziwa. Mpaka 100, ng'ombe na nguruwe wa kuzalisha na kuku waliokomaa. Mpaka 200, nguruwe wanaonenepeshwa. Mpaka 300, ng'ombe wa nyama walio hatua ya mwisho kabla ya machinjio. Mkulima aliyepata 150 amepoteza sehemu ya bei, hakupoteza mwaka. Ndiyo maana anakubali kupimwa.

Sidanganyiki kwamba ngazi hiyo inahamishika ilivyo. Viwanda vyetu vya chakula cha mifugo vinachanganya chakula cha ng'ombe wa maziwa na cha kuku wa nyama chini ya paa moja, na gunia lenye 150 likiingia mlangoni halina alama inayolizuia kutokea mlango wa pili kama unga. Lingehitaji kuvunjwavunjwa na kutiwa rangi papo hapo lilipokataliwa, likinunuliwa kwa bei iliyotangazwa kabla ya msimu, na bohari ya taifa ikiwa mnunuzi wa mwisho. Kuchanganya mabovu na mazima ili wastani ushuke kusiruhusiwe, kwa sababu ile ile ya punje moja. Na fungu lake liandikwe kwenye bajeti ya kilimo, si ya afya, maana afya hainunui mahindi.